Ngeli ya Kijiko

Twiga wa arobaini na moja mwaka huu,
na mguu wake wa nyuma umekataa.
Sijawahi kumwona twiga. Pemba hakuna twiga.
Namchora kwa kuwa duka la Unguja linamtaka:
shingo, jua jekundu, mti mmoja wa kusingiziwa.
Kumi na mbili kila mwezi nawavika magazeti,
wanapanda meli Mkoani
kama mahujaji wasiojua wanakokwenda.

Usiku ule umeme ulikatika Wete nzima.
Faki fundi friji akaja na mwanga wa simu yake;
kwangu, alisema, hata giza limeharibika.
Shangazi Bikombo, miaka thelathini na tatu ubaoni,
alikuwa akichambua mchele kwa kupapasa.
Asaa akachana ukurasa wa daftari la hesabu.

"Andika jina la kitu. Kunja. Mpe mwenzio.
Yeye aandike sifa, asichungulie.
Halafu kitendo. Halafu mahali."
Nani kakufundisha?
"Hakuna."
Muongo. Vidole vyake vilishajua pa kukunja.

"Kumbe kitendawili," akasema Shangazi.
Ndicho, nikamwambia, ila hakina jibu.
Hata ukitoa mji, utoe Konde, utoe Chake,
uiongeze na Wete yenyewe na madeni yake,
hakuna wa kukufumbulia.
"Basi ni upuuzi,"
akasema, akaomba kalamu.

Tulipokunjua, Faki ndiye aliyesoma:

kijiko
mjane
anaposa
chini ya ulimi wa jirani

Faki alicheka mpaka simu ikamponyoka.
Shangazi hakucheka.
"Kijiko kinaposa. Ki. Ki na vi.
Nani kaandika ana?"
Akauinua ule mkono
uliopitisha bakora kwenye viganja vya nusu ya mji.

Asaa hana haraka.
"Lakini bibi, huyu ni mjane."

Tone likaanguka mtungini.
Niliitazama karatasi: neno mjane
lilikuwa kwa mwandiko wa Shangazi,
herufi zimenyooka, kama zinasubiri mkaguzi.
Alikaa nalo muda mrefu, mchele mapajani.
"Kweli," akasema taratibu.
"Kikishafiwa,
anaingia kwa watu."

Tukacheza mpaka chaji ya Faki ikabaki tatu.
Friji mwenye wivu akalea karafuu mahakamani.
Mvua ya shaba ikadai chenji kwa daktari wa meno.
Shangazi alisahihisha mawili matatu,
kisha akaacha. Nilisikia kalamu yake
ikienda bila yeye.

Asubuhi nilitandaza karatasi juu ya jamvi la karafuu,
nikaisugua kwa kipande cha mkaa cha jikoni.
Ukajitokeza mji ambao sikuuchora,
vichochoro vimepandana,
na katikati pahala peupe, palipotoboka jamvi,
kama uwanja ambao watu wote wametoka mara moja.
Nikauacha ukutani. Nikamgeukia twiga.

Nilifumba macho. Nikautoa mkono
kama unavyomtoa mtoto nje, nenda, usifike mbali.
Ulikwenda. Uliteleza, ukasita gotini,
ukavimba mwishoni, ukawa duara, ukawa na shimo.
Nilipofumbua, twiga alikuwa amesimama
miguu mitatu, na kijiko kimoja.
Kwa mara ya kwanza alionekana ana pa kwenda.

Sikumfuta. Nilimfunga gazeti pamoja na wenzake.

Siku ya nne mwenye duka akanipigia.
"Wa tisa huyu ana nini mguuni?"
Nikamwambia amefiwa.
Akanyamaza; nyuma yake nikasikia watalii,
na mtu anauliza bei.

Jikoni Shangazi anaosha vyombo.
Namsikia akiwahimiza wakauke.